Chupa ya Dawa ya Macho

Baba aliacha vitu vitatu kidakani:
kiserema, kamba yenye mafundo,
na chupa ya dawa ya macho isiyo dawa.
Ndani, vumbi rangi ya kahawa.
Nilidhani ugoro, nikataka kumwaga.
Mama akanidaka mkono:
"Hilo ni shamba. Usilipigie chafya."

Uwa wetu uko nyuma, hapa Siyu,
ukuta wake umelala upande mmoja tangu mvua ile kubwa.
Niliokota kwanza. Vigae, betri, mguu wa mwanasesere,
kandambili ya kushoto, kisha nyingine ya kushoto.
Ndipo nikalima. Kiserema kimelika kikabaki ulimi,
kinagonga jiwe, kinaniuliza swali lile lile.
Siku ya tatu udongo ukaanza kunukia.

Kitalu: dhiraa mbili kwa nne.
Nikarundika makumbi juu yake, nikachoma usiku,
magugu yafe yangali ndotoni.
Samadi ilikuwa ya punda wa Bwana Kupi,
mwenye deni langu tangu harusi ya dadake.
Alilipa pakacha sita.
Harusi hatukuitaja.

"Changanya na majivu makavu," Mama aliniamrisha toka busatini,
"ukiimwaga peke yake itasongamana
kama wageni penye sinia.
Wala usiifukie. Ipapase."
Nikaipapasa. Kiganja kikarudi cheusi,
nisijue ni mbegu ngapi nimeondoka nazo.

Ijumaa akaja Abudi, mwanangu, muuguzi wa Faza,
akanikuta nimechuchumaa
na kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari.
"Mama, unajua ninayoyaona vinywani mwa watu?"
Najua. Nilimsuuza babu yako kwa pamba mwezi mzima.
Kidonda kilikuwa shavu la kulia,
pale pale alipoilaza tambuu yake miaka hamsini.
"Basi kwa nini?"
Sikuwa na jibu la kumtosha mtu mwenye sare.
"Shika kopo," nikamwambia. "Teka birikani.
Maji ya kisima yana chumvi, yataibabua."

Siku ya kumi na moja, ukungu wa kijani.
Hukuuona ukisimama. Ulaze shavu chini,
ndipo kila jani lijitokeze,
dogo kama nukta ya chini ya ba.
Nikaitilia kivuli cha makuti,
nikaamka usiku na tochi kuwatoa konokono
mmoja mmoja, bila kuwasemesha.
"Imefika wapi?" Mama huuliza gizani.
Ukucha.
"Imefika wapi?"
Sikio la paka.
"Imefika wapi?"
Kiganja cha mtoto.
Hapo akanyamaza, nikamsikia akitafuna hewa.

Mvua za mwaka zikaanguka Jumatatu, baada ya alasiri.
Nikaitandaza kamba ya baba.
Fundo hadi fundo si dhiraa, si pima;
nikapima kwa shubiri, nikapima kwa jembe, haikulingana na kitu,
hata nilipoinuka nikatembea kandokando yake
nikajua: ni hatua yake,
alipokuwa bado na magoti.

Mche hung'olewa na udongo wake,
kama unavyomhamisha mtoto aliyelala, na shuka yake.
Abudi alitokea mlangoni, hakusalimu vizuri.
Akakunja suruali, akanitangulia,
akitoboa ardhi kwa kidole kile
kinachoandika vyeti vya wagonjwa.
Alitoboa karibu karibu mno.
Nikamrudisha kwenye fundo.

"Mingapi?" aliuliza Mama tulipoingia na matope.
"Sitini na miwili."
"Babako alikuwa akipanda sitini na mitatu."
"Huo mmoja wa nani, Bibi?"
"Wa panzi," akasema, akageukia ukuta.

Nikairudisha chupa kidakani.
Bado imejaa robo tatu.